Maji ya kisima cha Kakuma yalinidanganya, na hapo ndipo nilipoanza kutafuta hadubini isiyohitaji rangi

Wakuu, ejok?

Ndivyo tunavyosalimiana kwetu Turkana. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo nimeona nitoe langu. Majina nimebadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, hata yale ambayo ningependa yasionekane.

Kazi yangu ni kutengeneza hadubini. Si zile za shuleni. Hizi zetu zinatazama kitu na kukuambia kimeundwa na nini, nukta kwa nukta, bila kukipaka rangi yoyote. Mwisho unapata picha, na kila rangi kwenye picha hiyo ni kemikali fulani. Hapa mafuta, pale protini, kule chumvi.

Watu wakiniuliza nilianzaje, huwa nawapa jibu fupi la chuo kikuu.

Jibu refu ni la Kakuma, miaka ya tisini, na linaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilizaliwa upande wa Lorugum, nyumbani kwa wafugaji. Mbuzi akichinjwa, watoto wengine waligombea figo, mimi niligombea jicho. Ndani ya jicho la mbuzi kuna kitu kama ushanga wa kioo, kinapitisha nuru kabisa. Ukikiweka juu ya kipande cha gazeti lililofungia sukari, herufi zinavimba.

Nilikuwa nalala kifudifudi nikivimbisha herufi hizo hata kabla sijajua kusoma. Mama ananiita, mbuzi wametawanyika, mimi nipo ndani ya herufi M.

Kwa hivyo baada ya sekondari nilipopata nafasi ya kusomea kazi ya maabara, niliona kama nimeruhusiwa kuendelea kucheza.

Nilianzia Lodwar. Baadaye nikapewa transfer kwenda kliniki moja ndogo Kakuma. Wakati huo kambi ya wakimbizi ilikuwa na mwaka mmoja hivi tangu ifunguliwe, na watu walikuwa bado wanafika kwa malori kutoka Sudan.

Lab yetu ilikuwa chumba cha mabati chenye meza moja, dirisha moja, na maikroskopu moja. Hadubini ni neno la vitabuni, pale sisi wote tuliita maikroskopu. Haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza mpaka kinase jua, nuru inapanda kupitia slaidi hadi kwenye jicho lako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi nilikuwa nakaa pale nikiona jua la Kakuma limepita katika damu ya mtu. Kuna siku nilisahau kabisa kama nipo kazini. Nje vumbi, foleni, watoto wanalia. Ndani ya ule mduara mdogo kimya, kila kitu kinaelea katika rangi ya waridi.

Niwaeleze kidogo, kwa wasiojua. Ukipima malaria, unatoboa kidole, unapaka tone la damu kwenye slaidi, kisha unalitia rangi iliyochanganywa na maji. Vimelea vya malaria havina rangi ya kuonekana wazi. Ile rangi ndiyo inayowavika nguo. Mwili wao unakuwa buluu, kiini chao kinakuwa chekundu. Nguo ikikosewa, unaweza kuwapita kama hujawaona.

Maji ya kuchanganyia lazima yawe safi, na yawekewe vidonge vya kuyarekebisha ili yasiwe makali wala chachu. Sisi tulikuwa tunaletewa maji hayo kwa mitungi kutoka Lodwar.

Sasa mvua ikanyesha huko juu milimani. Laga, ile mito yetu ya msimu, zikajaa, malori yakakwama upande wa pili. Siku ya nne mtungi wangu ukaisha, na vidonge vikaisha.

Nilikuwa na foleni ya watu wenye homa.

Nikachota maji ya kisima. Yalikuwa meupe, yanameta. Tulikuwa tunayanywa. Sikumuuliza mtu, wala hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Slaidi zikaanza kutoka na rangi ya kijivu na buluu, zimefifia. Niliona. Nikajiambia labda rangi imezeeka. Nikaendelea kuandika kwenye daftari: hakuna, hakuna, hakuna. Wiki mbili hivi.

Katikati ya siku hizo alikuja mama mmoja kutoka kambini, nimwite Rebecca. Msudani, mrefu, mpole, mimba ya miezi saba. Alikuwa na homa. Nilisoma slaidi yake nikaandika hakuna. Akapewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani.

Baada ya siku tatu akarudi. Nikapima tena. Hakuna.

Mara ya tatu aliletwa na majirani wamembeba kwenye turubai. Hakuwa anajua yuko wapi. Clinical officer wetu, Bwana Wafula, hakungoja majibu ya lab, alimwanzishia dawa ya malaria hapo hapo.

Rebecca alipona. Mtoto hakupona.

Nitaruka siku mbili zilizofuata, wakuu. Sina cha kuandika kuhusu siku hizo.

Siku ya tatu alikuja mume wake. Nimwite Mwalimu Santino. Alikuwa akifundisha kemia katika shule ya kambini. Kabla ya vita alifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu huko kwao. Alisimama dirishani, akaziba jua langu. Nilijua ni nani. Nilijiandaa kutukanwa.

Alisema polepole, kwa Kiswahili alichojifunza pale kambini, "Mimi nataka kuona hiyo kitu wewe uliona."

Nikatafuta slaidi ya mke wake kwenye sanduku. Nikaiweka. Akaingia, akainama, akageuza kile kioo mwenyewe. Akatazama muda mrefu sana. Kisha akaniuliza rangi nilichanganya na maji gani.

Nikamwambia.

Akaondoka, akarudi baada ya saa moja na karatasi za kupimia asidi kutoka shuleni kwake. Akachovya moja kwenye ndoo yangu. Ikageuka buluu tupu.

"Hii maji ni ya magadi," alisema. "Rangi yako imekudanganya, binti. Na wewe uliamini."

Hakupaza sauti. Akakunja ile karatasi akaiacha mezani, akaenda zake.

Nilibaki na sanduku la slaidi za wiki mbili. Hapa ndipo nataka mnielewe. Zaidi ya yeye, hakuna mtu mwingine aliyejua. Slaidi za zamani tulikuwa tunaziosha na kuzitumia tena. Ningeweza kuzitia zote kwenye beseni la sabuni jioni ile na habari ingeishia hapo. Homa za kambini zilikuwa nyingi, watu wangesema ni kazi ya Mungu.

Mikono yangu ilishafika kwenye beseni. Sitawadanganya.

Sijui ni nini kilinirudisha. Labda ni kwamba yule mzee aliniachia ile karatasi. Angeweza kwenda nayo ofisini. Nilifunga sanduku nikaenda kwa Bwana Wafula, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alinitazama, akavua miwani, akasema niandike kwa mkono wangu na nisipunguze kitu. Halafu akasema slaidi zile zisomwe upya, zote, kabla ya jambo lingine lolote.

Lakini kwa maji gani? Laga bado zilikuwa zimejaa.

Ndipo Mwalimu Santino alipofanya jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza kulifikiria. Bwana Wafula alipomtumia ujumbe, alikuja. Alikuja na birika la shule, mpira wa kupitishia mvuke, na magunia mawili. Akachemsha maji ya kisima, mvuke ukapita kwenye ule mpira uliofunikwa gunia lililoloweshwa, na upande wa pili yakaanza kudondoka maji safi. Tone. Halafu tone. Kisha akakaza macho kwenye chupa kama mtu anayesubiri ndugu kutoka safari.

Tulikaa hivyo siku tatu, chini ya kivuli cha mabati, mchana kutwa. Joto la Kakuma mnalisikia tu. Mbali kwenye uwanda ulikuwa unaona ziwa ambalo halipo, na mbuzi wanatembea juu yake bila kulowa. Tulizungumza kidogo sana siku ya kwanza.

Siku ya pili nilimuuliza swali lililokuwa linanikaba. Kwamba je, hakuna njia ya kumwona huyu mdudu bila kumvisha rangi? Kumwona yeye mwenyewe alivyo?

Aliongeza kuni chini ya birika.

"Iko," alisema. "Kila kitu kinatetemeka. Maji inatetemeka namna yake, chumvi namna yake, damu namna yake. Ukipiga nuru, karibu yote inarudi vile ilienda. Lakini kidogo, kidogo sana, inarudi imebadilika rangi. Hiyo kidogo ndiyo jina la kitu."

Nikamuuliza kwa nini basi watu wasitengeneze maikroskopu ya kusikiliza hayo majina.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema wapo wanaojaribu, nchi za mbali, lakini ile nuru iliyobadilika ni hafifu mno, inataka taa yenye nguvu ya ajabu na mtu mwenye subira ya punda.

Wakuu, sijui kama mmewahi kuambiwa sentensi moja ikahamisha ulimwengu. Nilitazama lile tone kwenye mdomo wa mpira, likivimba, likingojea kuanguka, nikaona linatetemeka kweli. Nikatazama mchanga, ngozi ya mkono wangu, moshi wa kuni. Vyote vilikuwa vinataja majina yao kwa sauti ndogo, na mimi kiziwi nimekaa katikati yao na chupa ya rangi.

Tuliosha rangi mbaya kwenye zile slaidi tukazipaka upya. Tukazisoma wote wawili, zamu kwa zamu. Tukapata watu tisa wenye malaria niliokuwa nimeandika hawana. Wahudumu wa kambini walitumwa na majina. Wanane walipatikana wakatibiwa.

Wa tisa hatukumpata. Majirani walisema alishapanda lori, hawajui la kwenda wapi. Jina lake ninalo.

Mimi nilirudishwa Lodwar. Hawakunifukuza. Mwaka mzima niliosha vyombo vya maabara na kusoma slaidi zilizokuwa tayari zimesomwa na mwingine. Nilikuwa nimepanga chumba upande wa Nawoitorong. Jioni nilikuwa nashuka mtoni Turkwel, nakaa chini ya mikoche, natazama maji ya rangi ya chai na ninawaza majina.

Mwalimu Santino alianza kuniandikia. Barua zake zililetwa na madereva, zimeandikwa kwenye karatasi za daftari la mwanafunzi, pande zote mbili mpaka pembeni. Hazikuwa barua za salamu. Zilikuwa masomo. Anachora wimbi, anachora atomu mbili zimeunganishwa kwa springi, mwishoni anaweka maswali matano. Nikikosea ananirudishia na alama ya msalaba. Hakuwahi kumtaja mtoto. Mimi pia sikuthubutu.

Yeye ndiye aliyeniambia niombe chuo kikuu. Nilimwambia wazi kuwa mtu mwenye kosa kama langu hawezi. Akajibu kwa mstari mmoja, Kiingereza, nautafsiri: mtu mwenye kosa kama lako hana ruhusa ya kutoenda.

Nikaomba. Nikachukuliwa. Miaka minne ya kemia Nairobi, nikiwa mkubwa kuliko darasa lote, na huko mwishoni nikapata scholarship ya kwenda kusoma zaidi nchi ya baridi. Nitaacha habari za baridi, kila mtu humu ameshazisimulia.

Nilikuta kikundi cha watu watano wanaojenga chombo hicho hicho nilichokiota chini ya mabati, taa yake ikiwa ni leza. Msimamizi wetu aliniuliza nataka kufanyia nini. Nikasema nataka kuona malaria bila rangi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu ya maji. Alidhani sikuelewa swali.

Naona mkuu mmoja hapo chini ameuliza kabla sijamaliza: hiyo leza haiunguzi damu? Inaunguza, mkuu. Sampuli zangu za kwanza zote ziligeuka majivu meusi ya ukubwa wa nukta. Ikabidi tupunguze nguvu, na ukipunguza nguvu lazima usubiri zaidi. Subira ya punda, nilikuwa nimeonywa.

Lakini hilo halikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba kila tulipojaribu, tulipata mwanga mwingi usio na maana, umefunika kila kitu kama ukungu. Miezi minne hivyo. Wenzangu walianza kusema chombo kina kasoro, kibomolewe kijengwe upya.

Mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao wao hawakuwa nao. Nilikuwa siamini kitu kinachoonekana safi.

Asubuhi moja niliweka slaidi tupu, haina damu, haina chochote. Ule ukungu ukatokea vilevile.

Kilikuwa kioo. Kioo cha slaidi chenyewe kilikuwa kinang'aa kikipigwa na leza, na kinazidi sauti ya damu. Miezi minne tulikuwa tunasikiliza kioo. Tukatafuta vipande vilivyotengenezwa kwa madini safi ambayo hayang'ai, tukapaka damu juu yake.

Ule ndio mchango wangu wa kwanza katika kazi hii, wakuu. Mengine yalikuja baadaye na yana majina makubwa, ila hilo ndilo ninalolipenda.

Picha ya kwanza ilianza kujitokeza asubuhi na ikamalizika alasiri. Leza inagusa nukta, inangoja, inasogea, inagusa nyingine. Kwenye skrini ulikuwa unaona mstari mmoja tu unashuka, kisha mwingine chini yake. Chembe nyekundu za damu zilijitokeza pole pole kama visiwa maji yakipungua. Mchana wenzangu walikwenda kula. Mimi nilibaki.

Na ndani ya kisiwa kimoja, punje. Vimelea vya malaria vikila damu huacha punje za fuwele ndani yao, na punje hizo zina mtetemo wa nguvu kuliko karibu kila kitu kilicho karibu nazo. Zilikuwa pale, zinawaka. Hakuna rangi niliyoweka. Hakuna maji niliyochanganya. Zilijitaja zenyewe.

Nilijikuta nimeweka kiganja kwenye skrini. Sikulia. Nilihisi niko mbali sana na mwili wangu, kama mtu anayetazama nyumbani kwao kutoka juu ya kilima, anaona moshi, anaona mbuzi wanarudi, na hakuna mtu anayemwona yeye.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilirudi likizo. Nilikuwa na picha ile imechapishwa kwenye karatasi nzuri. Nilitaka kumpa Mwalimu Santino mkononi.

Nilifika Kakuma nikaambiwa amepata kazi ya kufundisha Lokichoggio, anarudi mara moja kwa mwezi. Nyumbani yupo mkewe, ana kibanda cha chai sokoni kambini.

Nilitamani kugeuka. Sikuwa nimewahi kuongea na Rebecca tangu siku ile ya turubai. Miaka sita.

Nikaenda.

Alinitambua kabla sijaketi. Alikuwa anamimina chai, akamaliza kumimina, akampa mteja, ndipo akaniangalia. "Wewe ndio yule wa damu," alisema.

Nikasema ndiyo. Nikamwambia maneno ambayo nilipaswa kumwambia miaka sita nyuma. Sitayaandika hapa, ni yake. Alisikiliza huku anakoroga sukari kwenye sufuria. Hakusema amesamehe, na mimi sikuuliza.

Kisha akauliza nimebeba nini. Nikamwonyesha picha. Nikamweleza kwamba hii ni damu yenye malaria, na zile nukta zinazowaka ni ugonjwa wenyewe, umeonekana bila rangi na bila maji. Alipangusa mikono kwenye kanga akaishika kwa ncha za vidole. Aliitazama kwa utulivu uleule wa mumewe siku ile kwenye maikroskopu.

"Hii mashine iko hospitali gani?"

Nikamwambia haiko hospitali yoyote. Iko mbali, ni kubwa kama kibanda hiki, na picha moja inachukua siku nzima.

"Basi bado," alisema.

Akanirudishia picha. Akanimiminia chai, akaisogeza mbele yangu. Nikadhani tumemaliza. Akasema, "Siku italetwa hapa, niite. Mimi nitaleta kidole ya kwanza."

Wakuu, nimepewa vyeti, nimesimama kwenye kumbi na kupigiwa makofi. Hakuna aliyewahi kuniamini kiasi kile.

Niseme ukweli wa sasa pia. Vyombo vyetu vimekuwa vidogo na vina kasi, lakini bado havijafika kwenye kliniki ya mabati. Kule rangi bado ndiyo inayotumika, na inafanya kazi vizuri ikipata maji yake. Kwa hivyo bado sijamwita Rebecca. Ndiyo sababu asubuhi naenda kazini hata mwili ukigoma.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kosa langu la maji lilikuwa la ujinga, na ujinga unafundishika. Lile la beseni la sabuni ndilo lingenimaliza, na lingemaliza na wale wanane. Kama kuna kijana humu anayefanya kazi inayogusa uhai wa watu na leo ameona kitu hakijakaa sawa, aseme leo. Atapoteza mengi. Mimi nilipoteza mwaka mmoja, nikapata mwalimu.

Sasa nawaachia uwanja. Aliyewahi kukosea kazini akasimama akasema, aweke hapa ilikuwaje na alipokelewa vipi. Na aliyenyamaza, naye aweke. Nitasoma zote, hata za kunisuta.